Ndoo ya Khorloo

Baba yangu aliimaliza airag ya mama, yale maziwa ya farasi yaliyochachuka, siku ya Jumatatu, kabla ya saa sita mchana, akisaidiwa na wanamieleka sita.

Gari lao lilipata pancha karibu na kisima chetu wakirudi kutoka sherehe za wilaya jirani. Baba aliwatambua wawili kabla hawajateremka. Yeye husahau siku za kuzaliwa za watoto wake, lakini atakuambia nani alimwangusha nani kwenye fainali ya zamani, na kwa mguu upi. Akawakaribisha hemani. Wakapokea bakuli la kwanza kwa mkono wa kulia, wakanywa; akajaza, wakanywa; akajaza tena. Kwetu bakuli la mgeni haliachwi tupu, na mwanamieleka mwenye kilo mia na ishirini haoni sababu ya kusimama wakati pipa bado lina kitu. Pipa lilipokauka baba aliangaza macho huku na huku, akaona kipipa cha kijani nyuma ya kitanda cha mama. Ndani yake mlikuwa na airag. Hakujiuliza ni ya nini. Akaichota yote.

Kipipa kile ndicho kilichokuwa na chachu.

Hata hapo tungeweza kuokoka. Pipa la airag likimalizwa, kwenye kuta zake hubaki utando mweupe, mwembamba kama karatasi, na katika utando huo mna bakteria na hamira wa kutosha kuanzisha kila kitu upya. Ukitia maziwa mabichi ya farasi na kusukasuka kwa subira, wanarudi. Lakini wageni walipoondoka baba alitazama vile vyombo vitupu akaingiwa na wazo la kumfurahisha mkewe. Alichemsha maji kwenye sufuria ya kupikia nyama, akamimina sabuni ya kufulia, akasugua mapipa yote mawili ndani na nje. Akachemsha mengine, akasuuza. Mti wa kusukia nao akautumbukiza kwenye maji yanayotokota. Kisha akavianika vyote juani na kukaa kando yake, ameridhika.

Mimi, mama na mdogo wangu Baasan tulikuwa tumekwenda makao makuu ya wilaya kununua pipi na vitambaa vya harusi. Tulirudi alasiri. Mama aliteremka garini, akaona mapipa yanang'aa juu ya nyasi, akasimama.

“Baba Enerel,” alisema, “nani amekufa?”

“Afe nani? Watu wote wazima.”

“Mbona umeosha vyombo?”

Baba akaeleza. Alianza na pancha, akapitia kwa bingwa wa mkoa na goti lake bovu, na alipofika kwenye kipipa cha kijani sauti yake ilikuwa imepungua sana. Mama aliinama, akaingiza kichwa chote ndani ya pipa, akanusa.

“Linanukia waridi,” alisema alipokitoa.

“Ni ile sabuni uliyoinunua mwenyewe. Kumbe ni nzuri.”

“Miaka yote hii hujaosha hata kijiko, Dondog. Hata kijiko! Ukangoja wiki ya harusi ya mwanao.”

Alipomwita kwa jina, baba alijua mambo yameharibika. Alichukua hatamu, akasema anakwenda kuwaangalia farasi. Farasi walikuwa mbele yake, watoto wao wamefungwa kwenye kamba kama kawaida, wote wakimtazama.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jumamosi ya wiki ile Baasan alikuwa anamwoa Nomuun, binti wa mama Yanjmaa, jirani yetu wa nyuma ya kilima. Harusi ya mwezi wa nane bila airag haipo. Si hivyo tu: wageni wa upande wa bibi harusi huja kunywa airag ya nyumba anayokwenda binti yao, na kwa bakuli la kwanza huamua amekwenda kwa watu wa namna gani. Airag ya mama ilikuwa na chachu iliyoletwa na bibi yake siku alipoolewa, ikalishwa maziwa kila kiangazi, ikagandishwa kila majira ya baridi, ikaamshwa kila mwezi wa sita. Ikifa haifufuki. Unaweza kuomba chachu kwa mtu mwingine, lakini kuanzia siku hiyo unakunywa airag ya mtu mwingine.

Na mimi ndiye mtaalamu wa jambo hili. Ninafanya kazi kwenye maabara mjini Ulaanbaatar, nikichunguza viumbe waishio ndani ya airag: ni akina nani, wako wangapi, na kwa nini pipa la nyumba hii halifanani na la nyumba ile. Kila kiangazi nilikuwa nachukua chupa moja kwa mama na chupa moja kwa kila jirani wa bonde letu. Mama alilikumbuka hilo kabla sijaingia hemani.

“Enerel! Zile chupa zangu. Piga simu mjini, waziweke kwenye basi la kesho.”

“Hazipo, mama.”

“Hazipo vipi? Kila mwaka unabeba chupa.”

“Ninachohitaji ni vinasaba vyao. Ili kuvipata inabidi kuwapasua wote.”

Mama alinitazama kama alivyolitazama lile pipa.

“Kwa hiyo umewaua.”

“Nimewasoma.”

“Umewaua, halafu ukawasoma.”

“Ndiyo, kwa mpangilio huo.”

“Wote?”

“Wapo wachache niliowaotesha na kuwagandisha, kila aina peke yake. Lakini hao ni kama kumchukua mpiga fidla mmoja na mpiga ngoma mmoja ukasema una harusi. Nikiwachanganya, maziwa yatachachuka. Hayatakuwa airag yako. Wengine hawakubali kabisa kuota peke yao. Wanaishi kwa kula mabaki ya wenzao.”

“Baba yako huyo,” mama alisema, akageuka kumtafuta, lakini baba alikuwa bado anawaangalia farasi.

Nilimpa ushauri wa pekee uliokuwa na mantiki. Aende nyuma ya kilima, amwombe mama Yanjmaa chachu.

“Yanjmaa? Aliyekula ndoo yangu?”

Habari ya ndoo tuliijua sote nyumbani. Miaka tisa nyuma, kiangazi kilichofuata yale majira ya baridi yaliyoua nusu ya mifugo ya bonde, mama Yanjmaa alikuja akasema ana wageni wa ghafla na airag yake bado changa. Mama alimjazia ndoo ya alumini, mpya, ambayo mkono wake ulikuwa umefungwa waya wa shaba na baba. Desturi haina utata: chombo cha mtu kikija na kitu, kinarudi na kitu, japo maziwa ya kufunika chini tu. Ndoo haikurudi. Haikurudi na kitu wala bila kitu. Mama hakuwahi kuidai, maana kudai ndoo ni aibu, lakini hakuwahi pia kunyamaza. Kila mwaka, wilaya ilipofanya mashindano ya kuonja airag na kikombe kikaenda kwake au kwa Yanjmaa, maana hakikuwa na pa kwenda pengine, kikiwa cha Yanjmaa mama alisema: “Kikombe anacho. Na ndoo anayo.”

“Nikamwombe chachu, nimpe mkwe wangu airag yake mwenyewe mbele ya kaka zake? Wataitambua kwa harufu. Watasema, huyu Khorloo hana hata airag, mtoto wetu anakuja kufa kiu. Afadhali niwape chai.”

“Wapo wa ng'ambo ya mto.”

“Airag ya ng'ambo ya mto inafaa kulainishia ngozi.” Akakaa kitandani. “Na wewe usimwambie mtu. Hata mmoja. Nitafikiri.”

Sikumwambia mtu. Lakini nilikuwa na tatizo ambalo mama hakulijua, nalo lilikuwa la takwimu.

Nilikuwa na sampuli za nyumba zote mbili, za kabla ya yale majira mabaya na za baada yake. Kabla yake airag ya mama Yanjmaa ilikuwa na wakazi wake: hamira mmoja mwenye nguvu aliyetawala pipa, na bakteria wawili ambao kwetu sikuwahi kuwaona. Baada yake wote watatu walitoweka. Mahali pao walikaa wakazi wa pipa la mama, kwa uwiano uleule, pamoja na aina moja adimu ambayo katika bonde zima nilikuwa nimeipata kwa mama peke yake. Nilirudia vipimo. Nilidhani nimechanganya chupa. Sikuwa nimechanganya.

Nilimweleza mama Yanjmaa wakati ule ule, kwa sababu yule anayetoa sampuli ndiye mwenye matokeo. Alisikiliza, akafunga mlango wa hema, akaniambia ukweli. Majira yale ya baridi alipoteza farasi wake wote wenye maziwa, na chachu aliyoigandisha ikayeyuka na kuoza katika vurugu ya kuokoa kondoo. Kiangazi kilichotangulia ndiye aliyechukua kikombe. Hakuweza kwenda kwa Khorloo kusema airag ya bingwa imekufa. Akaenda kusema ana wageni. Akaniomba niape kutomwambia mtu, nikaapa.

Kwa hiyo nilikaa katikati ya siri mbili. Moja ilikuwa jibu la nyingine, na sikuruhusiwa kuitoa yoyote.

Jumanne asubuhi nilitandika farasi nikaenda nyuma ya kilima kuchukua sampuli yangu ya kila mwaka, kama nilivyopanga tangu mjini. Nilipokaribia nikapaza sauti, “Shikeni mbwa!” na mama Yanjmaa akatoka, mnene, mwepesi wa miguu, mikono imejaa unga. Alikuwa anakaanga mikate ya harusi.

“Daktari wa maziwa! Ingia, ingia. Husukasuki?”

Anayeingia kwenye hema lenye airag husukasuka kwanza. Nikaushika mti, nikasukasuka hadi akaniambia yatosha, nikapewa bakuli. Nilikunywa. Siku zote nilikuwa nikinywa pale kwa umakini wa kikazi, lakini asubuhi ile ilikuwa vigumu kutotabasamu. Ilikuwa kama kumkuta shangazi yako barabarani, kavaa kofia ya mtu mwingine.

“Kiangazi kinapita vizuri? Mifugo imenenepa?”

“Imenenepa, asante. Na ya kwenu?”

“Imenenepa. Na airag ya mkwe wangu ya harusi, imekolea?”

Mimi ni mtu mbaya sana wa kudanganya. Kazi yangu yote ni kinyume chake. Nikasema: “Siwezi kusema.”

“Huwezi kusema imekolea?”

“Siwezi kusema chochote kuhusu airag.”

Mama Yanjmaa aliweka chini kijiti cha kugeuzia mikate. Alinisogelea, akauliza kwa sauti ya chini: “Imekufa?”

Nikanywa airag yangu.

“Imekufa,” alisema. “Khorloo! Khorloo hawezi kuiua. Labda Dondog.”

Nikaendelea kunywa. Bakuli lilikuwa kubwa, nikashukuru.

“Dondog ameiosha,” alisema, kisha akaanza kucheka. Alicheka akakaa chini. Alijifuta machozi kwa kiwiko kwa sababu viganja vilikuwa na unga. “Wanamieleka walipita hapa jana wakitembea kama bata, wakasema mzee mmoja karibu na kisima amewapa hadi wakashindwa kupanda gari. Nikasema, huyo Dondog. Lakini kuosha! Ameosha kwa nini?”

“Kumfurahisha mama.”

Hapo nilikuwa nimesema. Nikaona haya, lakini aliyekwisha kuokota vipande vyote na kuvipanga mwenyewe huwezi kumficha kitu.

Kicheko chake kilikatika ghafla. Niliona wazo lingine likimfika.

“Na mimi? Umemwambia ya kwangu?”

“Niliapa.”

“Hata jana? Na mama yako anahangaika hivyo?”

“Kiapo hakikuwa na sharti la jana.”

 Mafuta yalikuwa yanachemka, mkate mmoja ukaanza kuungua, hakuushughulikia. Kwa hesabu yoyote, kazi iliyokuwa mbele yake ilikuwa mbaya: kukiri, siku nne kabla ya harusi ya bintiye, mbele ya mwanamke aliyekuwa akishindana naye kwa miaka, kwamba vikombe vyote alivyovichukua tangu yale majira mabaya alivichukua kwa airag ya huyo huyo mwanamke. Sikumshauri lolote. Nilitoa mkate sufuriani.

“Unajua kwa nini sikuirudisha ndoo?” aliuliza mwishowe.

“Sikuwahi kuelewa.”

“Ningeirudishaje? Tupu hairudi. Na nikiirudisha na airag, airag yenyewe ni yake. Angeionja, Khorloo yule, ulimi wake kama wembe, angeijua palepale. Na nikitia maziwa matupu ya ng'ombe angeuliza, mbona mwaka mzima hana airag ya kutia ndani? Nikasema nitangoja mwaka ujao. Mwaka ujao ukawa mbaya zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa na mwaka mzima wa kueleza. Ndoo imekaa pale chini ya kitanda tangu siku hiyo. Hata kukamulia siitumii. Naogopa itatoboka.”

Akainama, akaivuta. Waya wa shaba ulikuwa bado kwenye mkono wake, na umesuguliwa.

Alibadili vazi, akafunga mshipi, akaijaza ndoo hadi ukingoni, akaifunika kitambaa cha hariri ya buluu. Jua lilikuwa juu bado. Maziwa hayatoki kwenye hema la mtu baada ya jua kuzama, kwa hiyo hakutaka kupoteza wakati. Tulikwenda kwa gari lake, mimi nimeishika ndoo mapajani, yeye akiendesha kama mtu anayebeba mayai. Farasi wangu alifuata siku iliyofuata.

Mama alikuwa nje, ameketi kwenye kigoda, akikamua. Baba alikuwa amemshika mtoto wa farasi kando ya mama yake, mpole kuliko kawaida. Mama alituona tukiteremka. Aliona nani, kisha akaona nini. Alisimama akiwa bado na maziwa kwenye vidole.

“Mkwe,” alisema mama Yanjmaa. “Nimerudisha ndoo yako.”

 Mama alinitazama mimi kwanza.

“Sikusema,” nikasema. “Ila sikuweza kutosema vizuri.”

“Hakusema,” alisema mama Yanjmaa. “Huyu binti yako ana uso kama dirisha, asiolewe na mtu mwenye siri. Khorloo, usinihoji. Onja kwanza.”

Alichota bakuli, akalishika kwa mikono miwili juu ya ile hariri. Mama alichovya kidole cha pete, akarusha tone juu kuipa mbingu, akarusha tone jingine, halafu akaleta bakuli mdomoni. Alikunywa funda moja na kulishikilia kinywani. Nimeona watu wengi wakionja airag, wakiwemo majaji wa wilaya wenye vyeti. Sijaona mtu akionja hivyo. Macho yake yalikuwa kwenye kilima lakini hakuwa anatazama kilima.

Alimeza.

“Hii ni yangu,” alisema.

“Ni yako.”

“Tangu lini?”

“Tangu ndoo.”

Baba akamwachia mtoto wa farasi, naye akakimbilia maziwa yote yaliyobaki. Hakuna aliyemkemea. Mama alikunywa funda la pili, kisha la tatu, sasa kwa kukunja uso.

“Umeitia kitu. Kuna kitu huku nyuma. Kama... kama kitunguu cha porini, lakini kitamu.”

“Imekaa kwangu miaka tisa. Ulitaka isijifunze kitu?”

Nilijua anachokisema mama. Mwaka wa nne, katika sampuli za nyumba ya mama Yanjmaa, alianza kuonekana tena yule hamira wake wa zamani, yule aliyetawala kabla. Pengine alijificha kwenye mbao za mti wake wa kusukia, ambao hakuwahi kuutupa. Alirudi kwa idadi ndogo, akakuta wenyeji wapya, akakaa nao. Kwa mama hakuwahi kuwapo. Nilifungua mdomo kuyaeleza haya nikaufunga, kwa sababu wanawake wale wawili hawakuwa wananisikiliza.

“Kwa hiyo mwaka juzi,” mama alisema polepole, “kikombe ulichochukua. Ulinishinda kwa airag yangu.”

“Ndiyo.”

“Na mwaka jana nilipokushinda?”

“Ulijishinda mwenyewe.”

Mama alifikiri. Alikuwa na haki ya kukasirika, na niliiona hasira ikija, ikafika hadi kwenye nyusi. Kisha ikakutana na jambo jingine: chachu ya bibi yake ilikuwa hai, iko mikononi mwake, ina uzito wa ndoo nzima. Alianza kucheka kwa pua, kama farasi, halafu kwa mdomo.

“Miaka tisa namwambia mtu yeyote anayetaka kusikia kwamba airag ya Yanjmaa ina uchungu mwishoni!”

“Nilisikia. Na mimi nilisema ya kwako imepooza.”

“Mwizi wa ndoo wewe.”

“Mke wa mwosha mapipa wewe.”

Baba aliona nafasi yake. “Mnaona sasa,” alisema, “nisingeosha, ndoo isingerudi.”

Wote wawili waligeuka. Akarudi kwa farasi.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mikono. Mama alimimina ndoo kwenye pipa, akaongeza maziwa mabichi kidogo asubuhi, zaidi kidogo mchana, akiyalisha kama mtu anayemlisha mgonjwa anayepata nafuu. Yeyote aliyekanyaga hemani kwetu wiki ile alisukasuka: walioleta viti, walioleta kondoo, mwalimu wa shule aliyekuja kuazima pampu. Baba alipewa zamu ndefu kuliko wote, akazifanya bila neno. Alhamisi pipa lilianza kusema, ule mnong'ono wa gesi unaopanda, na mama akaweka sikio lake kwenye plastiki na kuwaambia wasioonekana, “Haya, haya, nawasikia.”

Jumamosi walikuja watu wengi kuliko waliotarajiwa, kama inavyostahili. Nomuun aliingia kwenye hema jipya jeupe akawasha moto wake wa kwanza, na moshi ukapanda wima. Kisha wakaja kwetu kunywa. Kaka mkubwa wa mama Yanjmaa, mzee Luvsan, jaji wa mashindano ya wilaya, alipokea bakuli, akavuta hewa, akanywa lote bila kushusha. 

“Hii,” alisema, “ni ya dada yangu.”

“Ya dada yako ya wapi?” akajibu mjomba wangu kutoka upande wa pili. “Nimekunywa hii tangu sijaota ndevu. Hii ni ya Khorloo.”

“Kuna ule utamu wa mwisho. Huo ni wa Yanjmaa.”

“Kuna ule mkato wa mwanzo. Huo ni wa Khorloo!”

“Lete bakuli jingine, nikuonyeshe.”

“Lete mawili.”

Mama na mama Yanjmaa walikuwa wameketi bega kwa bega upande wa heshima, wamevaa hariri, nyuso zao hazina habari. Ubishi ukapanda, watu wakagawanyika, kila upande ukihitaji bakuli jingine la ushahidi, hadi mzee Luvsan akanikumbuka.

“Si yuko daktari hapa? Yeye amewasoma. Enerel, sema, hii ni ya nani?”

Nilikuwa na jibu lenye asilimia zake. Mama alinitazama, mama Yanjmaa alinitazama, wote kwa macho yaleyale.

“Bakuli langu ni tupu,” nilisema.

Watu watatu wakakimbilia kulijaza, maana bakuli la mtu haliachwi tupu, na lilipojaa wimbo ulikuwa umeanzishwa na swali limesahauliwa. Wakaimba hadi vigingi vya hema vikatetemeka. Baba alicheza mieleka na mjomba, akashindwa, akafurahi kuliko aliyeshinda. Ndoo ya alumini walipewa Baasan na Nomuun, imejazwa, wakaanze pipa lao.

Jumatatu, kabla sijaondoka, nilitoa chupa yangu ya sampuli. Mama aliishika akaigeuzageuza.

“Safari hii unakwenda kuua wangapi?”

“Nusu,” nikasema. “Nusu nitawafuga.”

Alikwenda nyuma ya kitanda, akarudi na kile kipipa cha kijani, kimejaa. Akakiweka mikononi mwangu na chupa juu yake.

“Hiki ni changu,” alisema. “Unajua namna chombo cha mtu kinavyorudi.”

Sasa kipo kwenye kona ya maabara, kati ya friji na mashine ya kuzungusha. Ninakilisha maziwa ya farasi yanayokuja kwa basi, na basi lisipokuja ya ng'ombe. Uwiano wa wakazi hubadilika kidogo, ninaupima, unarudi. Mti wa kusukia umesimama ndani yake, na anayeingia husukasuka kwanza. Mkurugenzi alikataa kwa wiki moja akidai usafi wa kazi. Siku hizi huja asubuhi kabla yangu.

Juzi baba alipiga simu. Aliniuliza kuhusu theluji mjini, kuhusu kazi, kuhusu mwanamieleka mmoja aliyehamia huko. Mwishoni akauliza kile kipipa kina hali gani.

“Kizima, baba. Kinanong'ona.”

“Vizuri,” alisema. “Usikioshe.”